Dramu Zilizobaki Kanisani

Watu waliojiita mashabiki wa roki Nairobi, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, walikuwa wasomaji, si wasikilizaji. Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nilifanya kazi katika duka la fotokopi karibu na River Road, na ni mimi niliyewatolea kopi. Majarida ya muziki ya Uingereza yalifika kwetu kwa njia ileile ya suruali za mitumba, yamechelewa miezi, yakauzwa kando ya barabara juu ya gunia. Mmoja wao akinunua jarida, wenzake waliandamana naye hadi dukani niwatolee kurasa za nyuma tu, zile za wahakiki, ambako kila albamu ilipewa nyota kama hoteli.

Albamu zenyewe wengi wao hawakuwa nazo, wala hilo halikuwasumbua. Walisimama mbele ya kaunta yangu wakibishana juu ya magitaa ambayo hayajawahi kuingia masikioni mwao, na aliyekariri maneno ya mhakiki vizuri zaidi ndiye aliyeshinda. Mkubwa wao alikuwa kijana mmoja wa Lavington, mtaa wa matajiri, mrefu, mwenye fulana nyeusi hata jua likiwaka, aliyeheshimiwa kwa sababu baba yake alisafiri na kumletea sidii. Kuna sidii moja aliyoisifu mpaka mate yakamkauka. Jarida lilipokuja kuipa nyota mbili, aliniambia bila haya kwamba tangu mwanzo aliona haina kitu. Nilimdharau siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Haya yote yangebaki kichekesho cha kazini kama dada yangu mdogo hangekuwa mwimbaji.

Tuliishi Mountain View. Yeye aliimba na kupiga gitaa, msichana rafiki yake wa shule alipiga besi, na kijana wa kanisani kwetu alipiga dramu. Dramu zenyewe zilikuwa za kanisa. Bendi nyingi za roki ziliishi hivyo: unamwendea mzee wa kanisa kwa unyenyekevu, unamwambia unazitaka kwa mazoezi ya kwaya, naye anajua unadanganya lakini anakupa, mradi zirudi kabla ya ibada.

Mama hakuwa na subira hiyo. Alikuwa amempa dada yangu mpaka Krismasi. Kama muziki haungekuwa umemfikisha popote, angeenda Dagoretti kumsaidia shangazi katika duka la chakula cha mifugo. Ndipo mwenye mkahawa mmoja mjini, aliyeandaa maonyesho Jumamosi mchana, akamwahidi kwamba akifanya vizuri mara moja atapewa nafasi kila mwezi. Dada yangu alirudi nyumbani siku hiyo akicheka peke yake.

Jumamosi yenyewe kanisani kukawa na harusi. Dramu hazikutoka, wala mpigaji hakutoka. Wale wasichana wawili wakapanda jukwaani na gitaa na besi, basi. Nilikaa mbele. Aliimba nyimbo alizotunga mwenyewe jikoni kwetu, na watu wakanyamaza, hata wahudumu. Yule wa Lavington alikuwa amesimama karibu kabisa na jukwaa, macho kafumba, na wimbo wa mwisho ulipokwisha alipiga kelele urudiwe.

Mhakiki wa gazeti pia alifika, yule wa ukurasa wa burudani ambaye mashabiki walimnukuu kama Biblia. Alikula soseji, akaongea na simu mlangoni, akaenda zake kabla dada yangu hajakaza nyuzi.

Ijumaa uhakiki ukatoka. Alisema sauti ya msichana ina matumaini, ila imezamishwa na dramu zilizopigwa kama mtu anayevunja mlango. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nilijua leo jamaa ameumbuka. Nilichongoja ni mashabiki waje tumcheke pamoja.

Walikuja, gazeti mkononi.

"Niaje, buda," akasema wa Lavington. "Tutolee kopi ya hii. Jamaa amesema ukweli. Sistako ako na sauti fiti, lakini hizo dramu zilimmaliza."

"Dramu gani?"

"Za Saturday."

"Saturday hakukuwa na dramu. Si ulikuwa umesimama pale mbele? Uliona dramu?"

Akakuna kidevu. Wenzake wakamwangalia.

"Labda zilikuwa nyuma ya pazia," akasema.

Nao wakatikisa vichwa kukubali! Watu wazima, wamesoma shule nzuri, kila mmoja na masikio mawili. Mkahawa ule haukuwa hata na pazia. Niliwatolea kopi zao kwa sababu ndiyo kazi niliyolipwa kufanya, lakini ningeweza kuwatemea mate.

Mwenye mkahawa, ambaye alipanga viti kwa mikono yake na kuona jukwaa lilikuwa na nini, akampigia simu dada yangu. Wangoje kidogo, alisema, kwanza warekebishe upande wa dramu. Nafasi ile haikuja tena. Januari dada yangu alikuwa Dagoretti, amevaa dasti koti la kazi, akipima chakula cha kuku.

Lakini hayo siyo yanayonichoma zaidi. Jioni ya Ijumaa ile nilimkuta jikoni akimenya viazi, gazeti liko mezani. Nikaanza kumtukana mhakiki, nikingoja acheke. Hakucheka.

"Nitamwambia apunguze," akasema.

"Nani?"

"Wa dramu."

"Si hakuwa huko! Alikuwa harusi!"

"Najua hakuwa," akasema, bado anamenya. "Lakini gazeti haiwezi andika tu hivi hivi."

Nilidhani ni hasira zinasema. Jumapili, baada ya ibada, nikamwona amesimama na yule kijana kando ya dramu, anamweleza kwa upole apunguze mkono. Na kijana, ambaye siku ya onyesho alipigia maharusi tangu asubuhi mpaka keki ikakatwa, akainamisha kichwa, akamwomba msamaha.