Usivuke Mto Umelala

Nilipokuwa mtoto, nilikijua kijiji kimoja cha Uswisi kuliko nilivyoijua Nairobi. Katikati ya jiji nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote nikiwa nimeshikwa mkono. Lakini Brunalp, ambako sijakanyaga hadi leo, ningeweza kukutembeza nyumba kwa nyumba bila kukupoteza. Ndiyo maana nilipewa kazi ambayo mtoto wa miaka kumi hakupaswa kupewa.

Tulikaa Uthiru, pembeni mwa Nairobi, mimi na mama yangu Rispa, chumba kimoja cha kupanga katika ploti ya Mama Wanjiru. Mama alimtunza bibi mmoja Mswisi kule Mountain View, mwalimu wa zamani ambaye umri ulikuwa umemkalia vibaya. Jamaa zake walipotaka arudi kwao, alisema haendi popote bila Rispa. Ikaamuliwa mama aende naye kwa mwaka mmoja, ikizidi sana miwili. Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi Wamaragoli tunamwita Guku, akatoka nyumbani akaja kukaa nami.

Siku ya safari Guku alimshika mama masikio yote mawili, kama mtu anayemwonya mtoto mdogo.

"Rispa, usilale njiani. Ukivuka mto umelala, roho haioni mahali imepita. Kesho kukiwa na jambo, utarudi na nini?"

"Mama, hiyo ni ndege. Hakuna mto huko juu."

"Mto iko. Kila mahali mto iko."

Mama alicheka, nami nikacheka kwa sababu yeye amecheka. Tuliyazoea hayo. Kila Desemba tukienda nyumbani kwa basi, Guku alikuwa ananifinya paja kwenye kila daraja. "Fungua macho, Kageha, tunavuka." Nikifungua, naona maji meusi na mataa ya basi, halafu narudi kulala. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono. Mtu aliyevuka akiwa macho anaijua njia ya kurudi. Aliyevushwa usingizini hawezi kurudi mwenyewe, labda aongozwe.

Barua ya kwanza ilikuja baada ya miezi miwili. Guku hakujua kusoma, kwa hiyo nilikaa juu ya kitanda nikasoma kwa sauti, yeye amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, uso wote umejaa furaha. Karibu na mwanzo palikuwa na maneno haya: "Mwambie Guku anisamehe. Nilipewa dawa ya kichefuchefu, nikalala tangu uwanja wa ndege. Niliamka gari limeshavuka daraja la kijiji."

Niliyaona vizuri. Mdomo ukayaruka. Sikutaka ule uso ubadilike, basi, hakuna sababu nyingine. Nikaendelea mbele pale mama alipoanza kueleza kijiji.

Brunalp, aliandika, ni mahali palipobanwa. Mbele kuna mto, nyuma kuna mlima. Katikati wamejibana watu na kanisa lao, birika refu la mti ambalo ng'ombe hunywea, na nyumba za mbao zilizochomwa na jua la miaka mingi hadi zikawa nyeusi. Maghala yao yamesimama juu ya miguu, na juu ya kila mguu limewekwa jiwe bapa la duara ili panya asipande.

"Rudia hapo kwa ghala," Guku alisema. Nikarudia. "Hao watu wako na akili. Kumbe panya inawasumbua kama sisi."

Barua zilizofuata zilileta mengine. Juu ya kijiji kuna msitu usioguswa, hata tawi la kuni huokoti. Zamani wazee wao waliukata, na theluji ikateremka mlimani, ikazoa kanisa la kwanza pamoja na watu waliokuwa ndani wakisali. Majina yao yamechongwa ukutani. Guku aliipenda sana habari ya msitu huo, maana hata kwetu kulikuwa na kijisitu ambacho hakuna aliyethubutu kukiingilia na panga. Alimsimulia kila mtu kwenye ploti kwamba Wazungu nao wana miiko, na wanaifuata.

Mama aliandika pia kwamba zamani watu wa Brunalp walikuwa maskini wa kutupwa. Kila baridi ilipopungua, watoto wao walivushwa mlima kwa miguu kwenda kuchunga ng'ombe wa watu wa nchi jirani, wengine wakiwa wadogo kuliko mimi.

"Walirudi?" Guku aliuliza.

Niligeuza karatasi. Barua haikusema.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni jua. Kuanzia Novemba, mlima unalikinga jua lote, na kijiji kinakaa kivulini hadi Februari. Siku linaporudi, watu wote husimama nje ya kanisa kulingoja, na mwale wa kwanza ukigusa mnara wanapeana mikono. Mama aliiona siku hiyo mara mbili, na miaka miwili ikapita bila kurudi. Ya tatu hakuifikia. Alishikwa na kifua mwezi wa Januari, na habari zilipotufikia kwa simu ya Mama Wanjiru, walikuwa wameshamzika hukohuko, kando ya kanisa. Zilikuwa zimebaki siku chache tu.

"Amekufa bila jua," Guku alisema. Alilisema hilo siku nzima, akiosha vyombo, akikunja nguo. Mimi nililia mpaka nikatapika. Hata sasa nikilikumbuka lile pigo naona aibu kidogo, kwa sababu ndani ya kilio changu kulikuwa na kitu kingine, kitu kama mwizi anayesikia anatajwa jina. Nilijua kwamba mama alilala, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Kwetu, maiti isipopatikana, huzikwa shina la mgomba lililovikwa nguo ya marehemu. Lakini Guku alinieleza kwamba mgomba mtupu ni mgomba tu. Kwanza roho iitwe kule iliko, iletwe mahali kwa mahali, na mtu anayeijua njia.

"Mimi huko sikujui," alisema. "Wewe ndio umesoma barua zote. Utamleta mama yako."

Ningeweza kusema wakati ule. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Nadhani nilimwona amekaa kwenye kigoda kile kile, miguu ameinyoosha vile vile, na nikairuka sentensi ile kwa mara ya pili.

Tulitoka saa tisa alasiri. Guku alitaka jua kali, ili mwanawe aone vizuri anakokwenda. Tulianzia stejini, pale matatu zinaposimama barabarani, tukafuata njia ya vumbi kuelekea kwenye ploti. Guku alikuwa ameibeba leso ya mama, kanga yake ya kujifunga, mikononi kama anayebeba mtoto mchanga. Mimi nilitembea mbele yake nikisema kwa sauti.

"Mama, toka kitandani. Teremka ngazi za mbao. Sasa uko kwa birika. Usikunywe hayo maji, ni ya ng'ombe."

"Ehe," Guku akaitikia nyuma yangu.

"Kanisa liko mkono wa kushoto. Usiangalie kaburi. Pita kwa maghala, moja, mbili, tatu. Ile ya tatu iko na mlango mwekundu."

"Ehe, mwanangu, kuja."

"Sasa ni daraja. Liko na paa kama nyumba. Ingia."

Hapo nikasimama. Katika barua zote, zile nilizozijua kama Baba Yetu, hapakuwa na neno moja kuhusu ng'ambo ya daraja lile. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao, wengine wakigeuka kutuangalia. Guku alinisukuma mgongoni kwa kiwiko.

"Endelea. Usimwache hapo kwa daraja."

"Ukitoka darajani, mama," nikasema, "unapanda kilima kidogo. Halafu unafika Kangemi."

"Na ndege?"

"Ni hapo tu, Guku. Ameshashuka."

"Haya. Ehe."

Nikampitisha sokoni Kangemi, mtaa wa jirani, kwa yule mama wa viazi vitamu aliyekuwa rafiki yake. Nikampitisha Mountain View, nje ya lile geti la kijani alilolifungua asubuhi nyingi. Nikampandisha hadi Uthiru, na hapo maneno yalikuja bila shida, maana hii njia tuliijua wote wawili. Tulipofika kwenye ploti, Mama Wanjiru alikuwa nje anamenya viazi.

"Guku, huyu mtoto anaongea na nani?"

"Na mamake. Tufungulie."

Mama Wanjiru alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, na mambo ya namna hiyo aliyaita ushenzi. Lakini aliweka kisu chini, akaenda akafungua geti pande zote mbili, kama linavyofunguliwa gari likiingia. Akasimama kando mpaka tukapita. Sijawahi kumsahau kwa hilo.

Chumbani, Guku alinipa leso niishike. "Imekuwa mzito. Si unasikia?"

Ilikuwa na uzito wa leso.

"Ni nzito," nikasema.

Wiki hiyohiyo tulikwenda nyumbani. Shina la mgomba likafungwa leso ile, likazikwa upande wa kushoto wa nyumba, watu wakaimba, Guku akalala usingizi wa kwanza tangu ile simu. Aliishi miaka mingine kumi na zaidi, na kila jioni alimwagia pale maji kidogo. Alipokufa alizikwa kando ya mgomba ule akiamini amelala na mwanawe. Sikumwambia. Nilikaa naye wiki yake ya mwisho nzima, nimemshika mkono, na sikumwambia.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi ya ofisi mjini, naimba kwaya, na mtu akiniuliza kama naamini mambo hayo nitamjibu hapana bila kufikiria. Lakini watoto wangu wakilala garini huwaamsha kwenye kila mto. Mume wangu huniona kama nina wazimu kidogo. Namwacha aone hivyo. Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu amesimama kwenye daraja miaka yote hii, na mimi ndiye niliyemwacha pale?

Mwaka huu nimepata barua kutoka Brunalp. Ameandika mpwa wa yule bibi, ambaye sasa naye ni mzee. Alinieleza kwamba kijiji hakina nafasi. Mto uko pale pale, msitu bado hauguswi, kwa hiyo hata makaburi yao ni ya zamu. Mtu hulala pale miaka aliyopangiwa, kisha jiwe linang'olewa na udongo anapewa mwingine. Zamu ya mama imekwisha. Alitaka kujua jiwe lake walifanyie nini.

Halafu, chini kabisa, aliandika kitu ambacho hakuna aliyemlazimisha kukiandika. "Mama yako hakushuka kutoka hapa hata siku moja. Shangazi hakukubali kuguswa na mtu mwingine, na sisi hatukufikiria kumpa siku ya kupumzika. Jumapili alasiri, shangazi akisinzia, alikuwa anakwenda hadi darajani, anasimama kidogo, kisha anarudi. Nimeona aibu tangu wakati ule."

Nilikasirika mpaka nikashindwa kukunja karatasi. Kisha nikatoa zile barua za zamani nikazisoma zote, sakafuni, nikiwa na nguo za kazini. Ghala, birika, msitu, jua. Kila kitu kilikuwa upande mmoja wa mto, ule wa kijiji. Nilidhani mama alisahau kuniandikia njia, au aliona haina maana kwa mtoto. Kumbe hakuwa na njia ya kuandika. Ilimpita akiwa amelala, na hakuna aliyemruhusu kuiona tena.

Siku hizi ramani iko kwenye simu. Nimeifuata hiyo barabara mara nyingi: kona mbili baada ya daraja, kijiji kingine, kituo cha treni, ziwa refu, mji, uwanja wa ndege. Jumamosi moja nilikwenda Uthiru, mahali ilipokuwa ploti ya Mama Wanjiru na ambapo sasa pana gorofa, nikajaribu kuisema yote kwa mama, kwa ukweli. Nilifika ziwani nikaacha. Lile ziwa mama hakuliona. Nilikuwa namtajia majina ya mahali ambapo hajawahi kuwa macho. Njia yangu ya uongo angalau ilikuwa yake, birika lake, soko lake, geti lake la kijani. Labda alipita nayo. Hiyo labda nimeibeba tangu siku ile, na haitoshi.

Kwa hiyo nimemjibu yule mpwa. Nimemwambia sijui bado kama nitaweza kwenda, na jiwe lisitupwe. Nimemwomba walibebe, mchana, mwezi wowote wenye jua, walivushe daraja na kuliweka ng'ambo, popote patakapopatikana nafasi. Nimemwomba pia mtu mmoja aseme maneno wakati wanavuka, na kwa kuwa hawayajui, nimewaandikia kwa herufi kubwa ili wasikosee: "Rispa, hili ni daraja. Fungua macho. Unavuka."