Siku Nilipoingia Harusini na Mbwa wa Mji Mzima

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: yule mama wa harusi ya Devota ni mimi. Kama ulikaa Songea miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, habari hii umeisikia, na pengine umeisikia vibaya, maana wapo wanaoapa kwamba mbwa walikuwa mia na bibi harusi alizimia. Hakuzimia mtu. Mbwa mia ningewatoa wapi mimi? Lakini mbuzi wa bwana harusi aliliwa kabla bwana harusi mwenyewe hajaonja hata sikio, na walaji niliwaleta mimi, kwa miguu, huku nikicheza. Hilo silikatai.

Sasa mniache nieleze vizuri, kwa sababu kosa langu lilikuwa moja tu na lilikuwa dogo.

Shirika nilikokuwa nikichapa taipu lilifungwa, sote tukapewa barua za kwaheri, na ndani ya muda mfupi kota zetu zikabaki tupu. Watu walirudi kwao, wengine Mbeya, wengine Dar, na walibeba kila kitu, godoro, kuku, hadi mlango wa choo (namjua aliyeubeba, ila simtaji). Mbwa wakawaacha. Ungewakuta wamelala kwenye baraza za nyumba zisizo na watu, wanangoja, mbavu nje, ngozi imeliwa na ukurutu, na ukipita wanainua kichwa kukuangalia kama labda wewe ndiye. Iliniuma sana. Halafu likabandikwa tangazo kwamba mbwa yeyote asiye na mwenyewe atapigwa risasi, na mimi, kwa vile sikuwa na kazi na sina aibu ya kuomba, nikamwendea Baba Devota.

Baba Devota alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Serikali ilipofungua biashara ya mazao, alinunua ghala la zamani kule nyuma ya kota, na uani mwa ghala hilo kulikuwa na ukuta mzuri na hakuna kitu ila majani. Akanikubalia. Nikawakusanya mbwa wote mle, bwana mifugo akaja kuwachoma chanjo ya kichaa, nikawaosha kwa dawa ya josho, nikawapikia pumba na mifupa ya buchani, na msije mkadhani ni kazi ya kubahatisha. Mbwa mgeni anakaa kwanza peke yake kwenye kona mpaka woga umtoke. Aliyezoea kupigwa hali ukimwangalia, kwa hiyo unamwekea chakula, unampa mgongo, unaimba wimbo wowote kama vile huna habari naye, na ukisikia anatafuna usigeuke. Wengi walirudi kuwa mbwa wazuri, manyoya yanang'aa, na nikawatafutia nyumba mjini kote. Maduka mapya yalikuwa yanafunguliwa kila mtaa na wezi nao walikuwa hawalali, kwa hiyo wateja sikukosa.

Na nilikuwa na mfuniko. Ulikuwa wa sufuria kubwa la shughuli (sufuria lenyewe liliibwa, ni kisa kingine). Nikiugonga kwa kijiko cha chuma, mbwa wote wanakuja mbio, wanakaa chini kwenye mstari, wananyamaza, na hakuna anayegusa chakula mpaka niuweke mfuniko chini. Ukigusa ardhi tu, wanakula, bila kugombana. Watu walikuwa wanakuja kutazama. Hata nilipompeleka mbwa kwa mwenyewe mpya nilikwenda na mfuniko wangu, nikaugonga pale mlangoni kwake, nikamwambia, "Sasa na wewe gonga wa kwako hivihivi, atajua hapa ni nyumbani." Nilijisifu sana kwa njia hiyo. Nilijisifu kwa bwana mifugo, sokoni, hata kwenye foleni ya kipaimara.

Basi wakabaki mbwa watano uani, na Baba Devota akaniita. Kuna mtu alitaka kupanga ghala lote, pamoja na ua. Nikamwomba anivumilie. Watano wale wakitoka mle bila nyumba, tangazo lilikuwa bado ukutani na bunduki zilikuwa bado zinapita.

"Mama Tumaini," akaniambia, "tumalize kwanza harusi ya mwanangu. Ila siku hiyo nisione mbwa kwangu. Mama mkwe wake Devota aliumwa na mbwa alipokuwa mdogo, akiona hata mkia anatetemeka. Nitunzie heshima yangu siku moja, halafu tutaongea kuhusu ua."

"Hutaona hata unyoya, Baba Devota," nikamjibu, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Siku ya harusi nikaamka mapema, nikawalisha wale watano wakashiba, nikafunga geti kwa kufuli, nikalivuta nione kama limeshika, nikarudi tena kulivuta. Nimetimiza. Ila nilikuwa nimechelewa misa na kurudi nyumbani ilikuwa mbali, kwa hiyo mfuniko na kijiko nikavitia kwenye kikapu, chini ya khanga niliyokuwa nimpe bibi harusi, nikaenda kanisani. Nani angejua?

Misa ikaisha, maharusi wakatoka mlangoni, na tarumbeta hakuna. Waliokodiwa walikwama na basi lao kwenye matope ya barabara ya Mbinga. Pakawa kimya cha ajabu pale nje, wageni wa bwana harusi kutoka Moshi wamesimama na suti zao wanangoja kitu kitokee, na shangazi yake Devota akaanzisha wimbo kwa sauti ya mtu anayeumwa. Wanawake tukapiga makofi. Nikajiuliza, hivi kweli Wangoni tumtoe binti yetu kwa makofi kama tuko kwenye mkutano wa kijiji? Mkono ukaingia kwenye kikapu.

Niliugonga vizuri, jamani. Wimbo ukafufuka palepale, vigelegele vikapanda, na shangazi akaniangalia kwa shukrani ambayo sitaisahau. Maharusi na wakwe wakapanda gari, likawa linakwenda taratibu, na sisi wanawake nyuma yake kwa miguu, mimi nikiwa mbele ya wote na mfuniko wangu, tukashuka kupitia sokoni, tukakata mitaa kuelekea nyumbani kwa Baba Devota. Watu walitoka madukani. Watoto walikuwa wanacheka na kurukaruka. Mama mmoja muuza ndizi alinyoosha kidole nyuma yetu akajishika tumbo, na mimi nikadhani ni furaha ya harusi, nikaongeza mwendo wa kugonga na kiuno nikakiachia kidogo (nilikuwa bado nacho). Kadiri walivyocheka ndivyo nilivyogonga. Sikugeuka hata mara moja, maana niliwaza wale watano tu, na wale watano walikuwa chini ya kufuli.

Tukaingia uwanjani. Chini ya turubai, ndugu wa bwana harusi waliotangulia walikuwa wameshaandaa ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, amesimama mezani kwa miguu yake minne na majani mdomoni, ambaye bwana harusi humkata mbele ya watu. Wengi wetu Songea tulikuwa hatujawahi kumwona mbuzi wa namna hiyo. Nikafika karibu naye, nikagonga pigo la mwisho, nikageuka ili nipokee makofi yangu.

Wanawake walikuwa wamejitenga pande mbili, na katikati yao walikuwa mbwa.

Niliwatambua wote. Popi wa mwalimu. Jimi wa fundi baiskeli, na kipande cha kamba shingoni. Wale wawili wa masista. Tomi wa bucha, anaburuta kigogo alichofungiwa. Na wengine nyuma yao, kila mbwa niliyepata kumponyesha na kumtoa, manyoya yanawang'aa mgongoni, ndimi nje kwa kukimbia. Wakaniangalia mimi, wakauangalia mfuniko, wakamwangalia mbuzi. Halafu, kama nilivyowafundisha, wakakaa chini kwenye mstari, wakanyamaza.

Mama mkwe alikuwa ameshapanda juu ya kiti na mumewe amemshika miguu asianguke. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti mkononi na alilipwa ili asinyamaze, kwa hiyo akauliza kwa upole, "Na hawa ni upande wa bibi harusi?"

Mimi nilikuwa nimetulia. Niaminini. Nilijua maadamu mfuniko uko juu hakuna mbwa atakayetikisika, na mpango wangu ulikuwa niubebe hivyohivyo juu ya kichwa, nirudi nyuma polepole hadi barabarani, nao wanifuate. Ungefanikiwa. Nilikuwa nimeshapiga hatua kadhaa Baba Devota aliponifikia, jasho linamtiririka kwenye tai.

"Lete hicho kitu."

"Baba Devota, ukikichukua kishike juu."

"Nimesema lete."

"Juu, nakuomba, kisiguse chini."

Akaninyang'anya, akautupa chini kwa hasira zote alizokuwa nazo.

Mbwa wangu walikula kwa adabu, na hilo nalisema hadi leo. Hakuna aliyebweka, hakuna aliyemgusa mtu. Meza ilianguka, ndio, na shangazi akakimbia na keki kichwani mpaka chumbani akajifungia nayo, lakini kila mbwa alichukua sehemu yake na kumwachia mwenzake, na ndafu akaisha muda mfupi kuliko ninavyosimulia. Majani tu ndiyo yaliyobaki.

Kilichonivunja si mbuzi. Ni wenye mbwa, maana wengi wao walikuwa wageni waalikwa na ikabidi wasimame mmoja mmoja mbele ya watu wamchukue mnyama wao. Mwalimu akaita, "Popi." Popi akamwangalia, halafu akaniangalia mimi. Mwalimu akaita tena, na Popi akabaki ananiangalia mimi, anangoja. Ikawa vivyo hivyo kwa Tomi na kwa wote. Fundi baiskeli akaja hadi nilipo, akasema bila kelele, "Mama Tumaini, huyu nimemlisha mimi kila siku tangu uniletee. Kila siku." Ikabidi mimi niwaambie mbwa wa watu, mmoja baada ya mwingine, nenda kwenu, ndipo wakainuka.

Mama mkwe aliposhushwa kitini alitazama njia mbwa waliyoondokea, akauliza aliyewafundisha kukaa vile ni nani. Nikainua mkono kama mwanafunzi. Akasema, "Mimi wajomba zangu huko Moshi hawajawahi kungoja chakula hivyo." Watu wakacheka, wajomba nao wakacheka, mshereheshaji akashukuru Mungu na kuita pilau, na harusi ikaendelea. Nilikula nyuma ya jiko.

Asubuhi nikaenda kuomba radhi. Baba Devota alikuwa kibarazani na chai.

"Shikamoo, Baba Devota."

"Marahaba. Kaa. Mbuzi ameshaliwa, tumwache." Akakoroga chai yake mpaka nikatamani anigombeze tu. "Nakuuliza neno moja. Wale mbwa uliwapa watu, au uliwaazima?"

Mimi ni mtu wa majibu, mnanijua. Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu njia yangu, nikaona kwamba njia yangu ndiyo aliyokuwa anaiulizia.

"Ua utabaki nao hadi mahindi yaanze kuingia," akasema. "Nimemwambia yule mpangaji angoje, maana mama mkwe wake Devota kakuombea kwangu, sijui umempa nini. Wale watano wapate watu kabla ya hapo. Na wawe wa hao watu."

Basi nikaacha kugonga. Kila aliyetaka mbwa nilimwambia aje mwenyewe uani, siku nyingi, alete chakula kwa mkono wake na amwite kwa namna yake. Mmoja alipiga mluzi, mwingine alipiga makofi, dereva mmoja wa lori alikohoa tu. Na mimi nilikuwa nakaa ndani ya ghala mlango umefungwa ili mbwa asinione. Kuwaosha ukurutu ilikuwa kazi nyepesi kuliko kukaa mle gizani nikimsikiliza niliyemponyesha akimkimbilia mtu mwingine. Lakini wote watano waliondoka kabla ya gunia la kwanza kuingia, na mwaka uliofuata ua ulipokuwa mtupu Baba Devota alinirudishia ufunguo nikusanye mbwa wengine. Kwenye harusi za watu siku hizi napiga makofi tu, kikapu nakiacha nyumbani, na hata ikitokea tarumbeta zimekwama Mbinga nitakaa kimya na wageni wa Moshi tuangaliane.

Wa mwisho kuondoka alikuwa jike jeusi, mwoga kupita wote, aliyechukuliwa na mjane mmoja mshonaji wa mtaa wa Lizaboni. Miezi baadaye nilikuwa natoka sokoni nikapita pale kwake, na yule jike alikuwa amelala mlangoni karibu na cherehani. Akainua kichwa. Nikasimama, nikamwita kwa sauti ndogo, najua sikupaswa. Akainuka, akaja hadi mwisho wa baraza, na akanibwekea kwa nguvu zake zote, nywele za shingo zimesimama.

Mjane akatoka mbio na kitambaa mkononi, amefadhaika. "Jamani, Mama Tumaini, nisamehe, huyu hakukumbuki tena."

"Mwache abweke," nikamwambia. "Yuko kwake."

Nikashika njia. Nililia hadi kwenye kona, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote niliyopata kupigiwa makofi.