Sanduku Jeupe la Kifaranga

Mtu mzima wa kumtisha Bibi Vitabu alikuwa hajazaliwa. Makarani wa kupandisha mabega, wenye duka wasiojua kusema samahani, majirani wapenda ugomvi, wote aliwapa za uso na kurudi zake nyumbani polepole. Waliomtisha ni watoto, hasa wale ambao bado wana meno ya utotoni, kwa sababu watu wa umri huo wanaamini. Mchoree mtoto sungura anayeruka juu ya paa, halafu kesho yake utafute ngazi ya kumteremshia.

Alijua anachokiogopa. Kwa miaka mingi alikuwa yaya wa chekechea, na vitabu vya pale vilichanika mpaka hadithi zikabaki na vichwa bila miguu. Akaanza kuvitibu mwenyewe: ukurasa uliopotea anauchora upya, maneno yaliyotafunwa anayabuni. Kutibu kukazaa kutunga. Kitabu chake cha kwanza, maneno yake na picha zake, kilihusu mbuzi aliyekula chaki akaota ndevu nyeupe. Walimu walikisifu sana. Kesho yake darasa zima lilikuwa limetafuna chaki, na watoto wanajipapasa videvu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, ila yaya hakucheka. Alilala na hofu, akaamka na sharti: mnyama wa kitabuni asifanye jambo ambalo hutaki mtoto alifanye.

Sasa amestaafu, ana mvi na miwani iliyofungwa uzi, na kazi yake ni hiyo tu. Anachora kwa rangi za maji, meza yake imebanwa dirishani ipate mwanga. Karatasi zikirudi kutoka duka la fotokopi anazikunja na kuzishona kwa sindano, maana pini za chuma huchoma vidole vya wasomaji wake. Chekechea mbili tatu huvichukua vitabu vyake, na wazazi wengine humbishia hodi kuvinunua. Na ana desturi yake moja ambayo hata umwombe vipi haiachi: ukurasa wa mwisho hauchori mpaka mtoto amwambie. Humsomea mtoto nakala ya majaribio, akifika mahali hadithi imekwama kooni hunyamaza na kuuliza, "Halafu?" Jibu la mtoto ndilo analolichora. Ukimuuliza sababu atakuambia wazee wamesahau mambo yanavyoisha.

Mwaka huu alikuwa na kitabu cha kifaranga. Kuku ana watoto wengi, na yule mdogo anaona mama yake hamtazami tena. Basi anajificha, aone kama atahesabiwa. Hadithi ilimjia nzima asubuhi moja, na picha zikaja nyuma yake mbiombio. Tatizo likawa ukurasa wa kujificha. Alimchora kifaranga ndani ya kikapu; manjano ya kifaranga na rangi ya udongo ya kikapu zikamezana, kifaranga haonekani. Akamweka ndani ya chungu, yale yale. Ukurasa ulikuwa unadai kitu cheupe, kikubwa, cha kumfanya kifaranga ang'ae. Akainua macho dirishani kupumzisha shingo, na hapo uani, ng'ambo, kwenye karakana ya Fundi Baridi anayetengeneza mafriji, pakawa na friji kuukuu jeupe, lenye mkono mrefu wa chuma mlangoni. Akalichora kama lilivyo. Chini yake akaandika: *Kifaranga akaingia kwenye sanduku jeupe, akajifungia.*

Ilikuwa picha nzuri kupita zote alizowahi kuchora. Aliifurahia mno, na furaha ikamsahaulisha sharti lake.

Msikilizaji wake alikuwa mtoto wa Mama Pacha, nyumba ya jirani, ambayo dirisha lake liko juu kabisa ya karakana ile. Msichana mdogo, meno ya mbele yamemtoka yote mawili kwa mpigo, na ua mzima unamwita Kibogoyo, naye anaitika. Kabla ya pacha kuzaliwa alikuwa mtoto pekee, malkia wa nyumba. Baba yao anafanya kazi mbali, na mama alikuwa na mikono miwili tu, kila mmoja una kichanga chake.

Jioni ile Bibi alisoma, Kibogoyo akasikiliza bila kutikisika. Kifaranga akaingia sandukuni. Kuku akaanza kuhesabu watoto wake. Bibi akanyamaza.

"Halafu?"

Siku nyingine jibu hutoka kabla swali halijaisha. Safari hii Kibogoyo aliukodolea macho ukurasa wa sanduku jeupe muda mrefu.

"Sijui, Bibi. Niache kwanza. Kesho nitakwambia inavyoisha."

"Haya, mjukuu wangu. Kalale nayo."

Asubuhi, Bibi alikunywa chai yake, akaosha brashi, akangoja. Jua likapanda. Ng'ambo Fundi Baridi akawasha jenereta lake, ua wote ukaanza kutetemeka kwa kelele. Mtoto haji. Bibi akajifunga kanga yake akaenda kwa Mama Pacha mwenyewe, kwa utani, kudai mwisho wa kitabu.

"Hodi humu! Mwandishi mwenzangu ameamka?"

Mama Pacha alikuwa amekaa kitandani, pacha mmoja kifuani, mwingine magotini, nywele hazijaona kitana. "Karibu, mama. Mwandishi gani?"

"Kibogoyo."

"Si yuko kwako? Ametoka hapa mapema, kaniambia anakuja kwako kumaliza kitabu."

"Kwangu hajafika."

Wakatazamana. Mama Pacha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayebembeleza jambo liwe dogo. "Atakuwa dukani huyo. Au kwa wenzake."

Hakuwa dukani, wala kwa wenzake. Muda si muda ua ulijaa watu, na kila mmoja na ushauri wake. Mmoja akasema barabarani, magari siku hizi hayana huruma. Mwingine akasema mfereji wa nyuma. Mshona viatu akaapa amemwona msichana na mtu asiyemjua, alipobanwa akasema labda ni jana, labda ni mvulana. Mama Pacha alikuwa anazunguka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, anaita jina la mwanawe, sauti inazidi kupanda.

Bibi Vitabu alisimama katikati yao, hasemi. Alikuwa amejua tangu aliposikia maneno yale, kumaliza kitabu. Lakini mdomo ulikataa kufunguka. Kulisema ni kulifanya kweli, na likiwa kweli basi ni mkono wake uliolichora, kwa rangi zake, kwa raha zake. Akajiambia pengine ni mfereji. Hebu fikiria: mtu anaomba iwe mfereji! Watu wakatawanyika kuelekea barabarani, naye akawaacha waende, upande usio wenyewe, na kila pumzi aliyoivuta akiwa amenyamaza, mtoto alikuwa anapungukiwa nayo.

Halafu aliona aibu iliyo kubwa kuliko hofu. Akakimbia. Magoti yale yaliyokataa ngazi mwaka mzima yalikimbia.

Fundi Baridi alikuwa amechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mkononi, jenereta linanguruma kando ya sikio lake. Hakuwa amesikia kelele yoyote ya ua. Bibi akampiga begani.

"Zima! Zima hiyo!"

"Kuna nini, mama?"

"Zima kwanza!"

Akazima. Kimya kilichofuata kilimtisha Bibi zaidi ya ngurumo, kwa sababu hakuna mtu aliyelia ndani yake.

"Lile friji la mkono mrefu liko wapi?"

"Si ndilo hili? Nimeligeuza, nafungua mashine yake."

Ni kweli lilikuwa limegeuzwa. Mgongo wenye nyaya ulitazama nje, na mlango ulikuwa umebanwa ukutani, barabara.

"Umeligeuza saa ngapi?"

"Asubuhi hii hii nilipofika. Hata nimeshangaa, jana nilikuwa nalisukuma kwa mkono mmoja, leo zito, nikasema sasa naze..."

Hakumaliza. Maneno yake mwenyewe yalimrudi, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Akatupa bisibisi, akalikumbatia friji, akavuta. Bibi akavuta. Miguu ya chuma ikakwaruza sementi. Mlango wa zamani ule, ukishajifunga haufunguki kwa ndani hata usukume vipi. Lazima mkono uvutwe kutoka nje. Fundi alishika mkono, vidole vikateleza kwa jasho, akashika tena.

Kibogoyo alikuwa amejikunja chini, magoti kifuani, kichwa kimeegemea upande. Nguo imelowa chapachapa. Macho yamefumba.

"Mama yangu," alisema Fundi Baridi, akarudi nyuma.

Bibi akaingiza mikono. Mtoto alikuwa wa moto, mzito, shingo haina mwenyewe. Akamtoa, akamlaza sementini kwenye hewa, akaweka kiganja kifuani. Hakusikia kitu. Akaweka shavu puani. Akangoja. Katika maisha yake yote hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa katika kungoja kule, na ukimuuliza leo atakuambia kwamba sehemu yake moja bado imeinama pale.

Ikaja pumzi, ndogo, ya joto, shavuni.

Kilichomponya ni mpira. Mpira wa kuzunguka mlango, ule unaozuia hewa, Fundi alikuwa ameung'oa wiki iliyopita akamfungia mteja mwingine, na mlango ukabaki na mwanya mwembamba. Hakuung'oa kwa busara; aliung'oa kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Alipolielewa hilo alikaa chini kwenye mafuta na misumari, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka. Milango ya mafriji yake yote aliibandua siku hiyo hiyo, kwa nyundo.

Wakammwagia maji kichwani, wakampepea kwa kipande cha boksi. Mama Pacha alifika akiwa amepoteza kiatu kimoja. Alimpa mtu wa karibu mtoto aliyekuwa mkononi, bila hata kutazama ni nani, akaanguka sementini, akampakata mwanawe. Kibogoyo akafumbua macho. Akamtazama mama yake kwa makini.

"Mama, ulinitafuta?"

"Nilikutafuta, mwanangu. Nilikutafuta sana."

"Tangu nilipotoka?"

Ua mzima ulikuwa pale, na wote walijua hakuanza kumtafuta mpaka Bibi alipobisha hodi. Mama Pacha alimfuta mtoto maji usoni. "Tangu ulipotoka," alisema.

Mtoto akageuza kichwa. "Kweli, Bibi?"

Bibi Vitabu alikuwa na maneno makali kwa wazazi wanaodanganya watoto. Alikuwa akiwaambia mlangoni kwake, wakitaka wasitake. Akamtazama Mama Pacha, macho mekundu ya mwanamke ambaye hajalala vizuri tangu pacha wazaliwe, yanamwomba.

"Kweli," alisema.

Muuguzi wa zahanati alimpima mtoto, akasema apumzike, anywe maji mengi, asiachwe peke yake. Alasiri pacha walipoanza kulia kwa pamoja, Mama Pacha alimwomba Bibi akae na mgonjwa kitandani yeye akiwanyonyesha chumba cha pili. Bibi akakaa. Alikuwa ameshachana ukurasa wa sanduku jeupe, nakala zote, na vipande ameviteketeza jikoni kwake. Haikumpunguzia kitu. Kila akifumba macho aliuona mlango umebanwa ukutani.

"Mjukuu wangu," alisema, "kosa ni langu. Nilichora kitu kibaya. Sanduku lile haliingiwi. Mtu akiingia anakufa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Uliogopa?"

"Mwanzo hapana. Mwanzo nilikuwa nangoja." Kibogoyo alipitisha ulimi kwenye pengo lake, akifikiri. "Halafu Fundi akanisukuma, pakawa giza. Nikapiga kelele. Jenereta likapiga kelele kunishinda."

Bibi alimshika mkono, akaubana mno, akaulegeza. Chumba cha pili kikatulia. Pacha walikuwa wamepata walichotaka.

"Bibi, mbona ulisema kweli?"

"Kweli ipi?"

"Kwamba mama alinitafuta tangu nilipotoka. Mimi nilikuwa nasikia. Kabla jenereta halijawaka nilikuwa nasikia kila kitu, dirisha letu si lipo pale juu. Alikuwa anawaimbia wadogo zangu. Akamaliza wimbo, akaanza tena."

Bibi Vitabu aligeukia upande wa chumba cha pili.

Kibogoyo alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna mtu, akamvuta Bibi karibu, akashusha sauti.

"Usimwambie mama kama nilisikia. Ataogopa."