Moshi Mweupe wa Gari la Masufuria

Mwaka ule mazutu, yaani dizeli, yalipokuwa adimu, gari letu lilianza kutoa moshi mweupe. Lilikuwa basi dogo kuukuu, viti vya nyuma tumeving'oa tupate pa kuweka masufuria. Kila siku nilipika wali, maharagwe na samaki wadogo wa ndagala nyumbani, mtaa wa Musaga, nikawapelekea wapagazi wa bandarini. Mume wangu ndiye aliyeliendesha tangu tuoane. Macho yake yalipofifia, usukani ukaniangukia mimi.

Asubuhi nilijaza maji kwenye rejeta, jioni nayakuta yamepungua. Nilipiga magoti nikatafuta hata tone chini ya gari. Pakavu.

"Ni mazutu mubaya," mume wangu alisema. "Watu wa magendo banachanganya na kila kitu. Hiyo moshi itaisha."

"Na maji? Inaenda wapi?"

"Inakauka. We hauoni hii jua?"

Nilibadilisha mipira ya maji, nikabadilisha kifuniko cha rejeta. Maji yakaendelea kupotea. Nikawa natembea na madumu mawili ya maji katikati ya masufuria, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto. Jioni nilifika nyumbani mabega yakiniuma kama niliyebeba yale magunia ya bandarini mwenyewe, na bado kulikuwa na maharagwe ya kuchagua.

Kisha tukapata kazi ya kupika chakula cha kumaliza matanga huko Gihosha. Mume wangu akaja kunisaidia kushusha. Tulipoanza kupanda kilima, mshale ulikwenda juu na haukushuka. Mvuke ukatoka mbele, nikaegesha pembeni. Kabla sijavuta breki ya mkono vizuri alikwishateremka, kitambaa mkononi, akafungua kifuniko.

Huyu ndiye mtu aliyewakataza madereva wengine miaka yote kufungua rejeta ya moto. Maji yaliyochemka yalimrukia, yakamwunguza kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, nami nikamwagia dumu lote la maji baridi mkononi. Wafiwa walituma gari kuja kuchukua chakula. Mimi nikampeleka zahanati, na basi letu likavutwa hadi Buyenzi, kwa fundi Mwislamu tuliyemjua kwa miaka mingi.

Kesho yake tulikwenda wote wawili, yeye mkono umefungwa bandeji. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akatuonyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Halafu akajaza rejeta mpaka juu, akaiacha wazi, akasema "Bismillahi" na kuwasha injini. Mapovu yakaanza kupanda ndani ya maji, moja baada ya jingine, bila kukoma.

"Muone," akasema. "Ile ni hewa ya ndani ya moteri. Gaskiti ya kichwa imeungua. Maji inaingia pale mazutu inawakia, inatoka nyuma ikiwa moshi."

Mume wangu aliinama karibu sana kwa sababu ya macho yake, akayatazama yale mapovu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Hii. Tangu mwanzo nilijua, mama watoto. Niliogopa wakifungua moteri, gari ya umri huu haitarudi tena barabarani. Na mi, bila hii gari, mi ni nani?"

Ningeweza kumkasirikia. Miezi yote ile ya madumu! Lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi sikuwa nayo. Niliketi juu ya tairi bovu, nikamwambia fundi, "Fungua tu."

Kichwa cha injini kilikuwa na ufa. Kingine cha mitumba kilikuja na meli ya mizigo kutoka Kigoma, baada ya majuma matatu ambayo nilipeleka chakula kwa pikipiki ya kukodi ya magurudumu matatu. Mume wangu alishinda garajini siku zote mbili za kukifunga, akimpokeza fundi spana kwa mkono wake mzima.

Siku ya kwanza gari liliporudi kazini nilichelewa. Niliwakuta wapagazi wameketi juu ya magunia ya saruji, njaa imewashika. Hakuna aliyeuliza habari za gari. Mmoja alinyoosha sahani yake tu, akataka kujua kama maharagwe bado yana moto.