Karatasi Zilizopigwa Pasi

Wiki iliyopita nilikuwa natembea Kilakala na fimbo yangu, natoka kumpa hongera mwalimu mwenzangu aliyejifungua, mara harufu ya pasi ya mkaa ikanisimamisha. Unaijua harufu hiyo: mkaa uliokolea na kitambaa kilichonyunyiziwa maji. Nilidhani mjini zimekwisha. Mpiga pasi akadhani nimepotea, akaja kunishika mkono anivushe barabara. Nikamwambia aendelee na kazi yake, mimi nimesimama tu.

Harufu ile ilinirudisha moja kwa moja mlimani kwa Bibi, mwaka niliokuwa darasa la saba.

Nilizaliwa sioni. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mwisho juu yangu lilikuwa la Mjomba. Hakuwa mtu mbaya. Aliona tu kwamba asiyeona atapukuchua mahindi, atapepeta maharage, atakula na kuzeeka nyumbani. Siku moja mwalimu wa kike akapanda mlima kwa miguu, anahema, akitafuta watoto kama mimi kwa ajili ya kitengo kipya cha wasioona katika shule moja ya msingi mjini. Mjomba alikataa. Bibi alimwekea mgeni ndizi za kuchemsha na maharage, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunifungia nguo. Mjomba alipouliza nani ameruhusu, Bibi alimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemzaa mama yangu na ndiye aliyemzaa yeye pia, na kwamba maharage bado yapo kama anataka kula.

Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kando ya jiko la shule. Tulisoma tukinusa kuni na uji ulioungua. Kitabu cha nukta nundu, maandishi yetu wasioona, kilikuwa kimoja tu, cha hadithi, na tulikipapasa mpaka nukta zikaanza kulala. Masomo mengine Mwalimu alitusomea kwa sauti kutoka kitabu cha kawaida, nasi tukatoboa, kila mmoja na kibao chake cha matundu na msumari mfupi wenye kishikio cha mbao. Tak, tak, tak, chumba kizima, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Tulitoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha tukageuza karatasi na kusoma vinundu kwa kidole. Karatasi ilitakiwa iwe nzito, na zilipokwisha tulitumia kalenda kuukuu walizotuletea watu wa ofisini. Wenzetu wanaoona walituita watoto wa vipele. Sisi tuliwauliza kama wao wanaweza kusoma taa ikizimwa.

Likizo ya mwisho kabla ya mtihani nilipanda nyumbani na bunda mgongoni: sayansi yote, miaka mitatu ya kutoboa. Mjomba alikuwa ameshatoa uamuzi. Nikifeli, narudi mlimani na asisikie tena habari za shule. Nikifaulu, hatanizuia. Kila asubuhi nilikaa karibu na moto, maana miezi ile ya baridi wingu huingia mpaka ndani ya nyumba, nikapitisha vidole juu ya karatasi, moja baada ya nyingine. Bibi alichambua maharage pembeni yangu na hakuniuliza kitu.

Ilipobaki wiki moja nishuke, nilikwenda kuteka maji na jirani. Niliporudi nyumba ilikuwa inanuka pasi. Nikajua ni sare yangu. Bibi alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Akaniketisha, akaniwekea bunda langu mapajani, bado lina joto.

"Mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyonitania siku zote, akidai marehemu Babu alinipenda kuliko alivyompenda yeye. "Ukungu umeziharibu karatasi zako, zimeota vipele. Kila siku nakuona unahangaika kuzilaza kwa vidole. Leo nimezinyunyizia maji, nimezipiga pasi zote. Sasa utaweza kuandika."

Nikapitisha kidole kwenye ya kwanza. Laini. Ya pili, laini. Nilifika ya kumi nikaanza kulia kwa sauti, na nikamwambia Bibi neno ambalo mpaka leo linanitia aibu: kwamba Mjomba alisema kweli, nyumba hii haikustahili kuwa na msomi. Nilimsikia akimwaga mkaa kwenye majivu, kisha akaja kukaa mkekani, magoti yake yakigusa yangu.

"Zilikuwa zinasema nini?"

"Kila kitu, Bibi."

"Basi niambie kila kitu. Anza na ya juu."

Ndivyo tulivyoimaliza wiki ile. Nilieleza, Bibi akauliza, na nilichokieleza vizuri nilikitoboa upya juu ya karatasi zilezile. Maswali yake hayakuwa ya darasani. Nilipofika kwenye mmomonyoko wa udongo alinisahihisha, kwa kuwa shamba lake lilishawahi kuteremka lote bondeni. Nilipokwama hakunionea huruma, alisema turudi nyuma. Siku ya nne Mjomba alipita, akamsikia mama yake akitaja mapafu, akauliza nani anaumwa.

"Nimemfutia mtoto masomo yake," Bibi alimwambia. "Akifeli, aliyefeli ni mimi. Yeye atarudia mwaka."

Mjomba akavuta kigoda, akauliza mapafu yanafanya kazi gani.

Bibi alinishusha mjini mwenyewe, bunda kichwani mwake limefungwa kwenye kanga. Mwalimu alipompa shikamoo, aliitikia na kukiri kosa lake papo hapo mlangoni. Mwalimu hakucheka. Alikichukua kidole cha Bibi, akakiweka juu ya jina langu, herufi moja moja.

"Kumbe nilikuwa nampiga pasi mjukuu wangu," Bibi alisema.

Nilifaulu. Aliyenipeleka sekondari, tranka langu begani, alikuwa Mjomba.

Leo nafundisha hapahapa mjini. Wasioona wanakaa darasa moja na wenzao, simu inawasomea, na kile chumba cha kando ya jiko kimejaa madawati mabovu. Ile tak, tak haisikiki tena. Siulilii uhaba wa karatasi, ulitutesa. Ila wanafunzi wangu lazima waandike nukta nundu kwa mkono, wanung'unike wasinung'unike, na kila somo wakamweleze mtu wa nyumbani ambaye hakusoma. Wazazi wengine wamelalamika kwa mwalimu mkuu. Sijabadilisha.

Bibi hayupo tena. Karatasi moja sikuitoboa upya, niliificha sandukuni vilevile alivyoinyoosha. Miaka mingi ilinuka mkaa na mikono yake. Sasa inanuka karatasi tu.

Mpiga pasi wa Kilakala alimaliza mashati yake, akanikuta bado nimesimama, akaniuliza kwa upole nguo yangu ni ipi. Nikamwambia sina nguo. Nina karatasi, nitaileta kesho.