Mikono ya Bernadine

Uso wa Bernadine Kubicek haukuwahi kutokea kwenye jarida hata mara moja, lakini mikono yake ilijulikana Marekani nzima. Miaka ile ya hamsini, majarida ya akina mama yakitaka mkono wa kushika sabuni, kikombe cha kahawa au mlango wa friji mpya, aliyepigiwa simu ni yeye, huko Chicago. Mikono hiyo aliitunza kama yai. Alivaa glavu za pamba mchana na usiku; hakuosha sahani, hakupanda hata ua moja.

Sasa ni mjane, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Jumapili hii bintiye Arlene amekuja, baada ya miezi chungu nzima. Kwa kukosa la kuzungumza, Bernadine akamtandazia majarida ya zamani mezani.

“Huu wangu. Na huu. Wanawake wa siku hizi mikono kama magome ya mti, usinibishie.”

“Nani anabisha, mama?” Arlene akafunua ukurasa. Mkono laini ulikuwa umelishika shavu la mtoto mchanga, na makala ikausifu mguso wa mama. “Huyu ni mimi?”

“Wewe wapi! Mtoto wa watu huyo. Walimleta kupigwa picha tu.”

Arlene akaitazama picha kwa muda. “Ana bahati,” akasema. “Mimi nakumbuka pamba tu.”

Akainuka kuaga. Bernadine akanyoosha mkono amshike, lakini nje kulikuwa na theluji, na Arlene alikuwa keshavaa glavu zake.