Kwa Sanyu, mwenzangu wa majini

Sanyu amefariki. Nimeliandika hilo, nimelisoma tena, na bado naona kama ni jina la mtu mwingine.

Alhamisi asubuhi, jikoni kwake Rågsved, hapa Uswidi, alikuwa anajaza maji kwenye birika. Moyo ukasimama. Ndiyo hivyo tu.

Tangu hapo nimefanya shift tatu kule maabara Flemingsberg. Nimepima damu za watu, nimetuma majibu, handover nimefanya vizuri kabisa. Sijalia. Watu wananiambia pole, nami nawajibu "asante, na wewe je?" Yaani na wewe je!

Binti yake, Mirembe, ameniuliza swali na sijamjibu. Ameshika simu ya mama yake akakuta meseji yangu ya Alhamisi, neno moja tu: FILIMBI. Akaniandikia kwa Kiswidi, kama kawaida ya watoto wetu: Aunty, hii maana yake nini?

Mirembe, Kiswahili unakisoma, kujibu ndiyo hutaki. Basi soma. Na nyinyi wengine mnaonifuata hapa, mnivumilie leo.

Mimi na mama yako tulikutana kollo, miaka ya themanini, tukiwa na miaka kumi. Kollo ndiyo ile kambi ya watoto ya kiangazi: unapandishwa boti mjini, unapelekwa kisiwani wiki nne, wazazi wanabaki.

Mama zetu walisikia "wiki nne, wanalala huko, wanapigiwa kengele ya chakula" wakaelewa kitu kimoja tu. Boarding!

Watoto wa Kiswidi walifika gatini na mabegi ya mgongoni. Sanyu alifika na sanduku la bati lenye kufuli, lile walilotoka nalo Nairobi baada ya kukimbia Uganda. Ndani: shuka nne, sahani, kikombe, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na rangi ya viatu. Viatu vyenyewe tulivivua siku ya kwanza, tukavivaa tena siku ya kurudi.

Jajja yako, yaani bibi yako, akamshika Sanyu bega mbele ya watu wote: "Usome kwa bidii. Usinitie aibu." Mamangu naye, Mkenya wa mtaa wa Hallonbergen asiyetaka kushindwa, akamuuliza kiongozi wa kambi report form itatoka lini.

Nilicheka. Sanyu akanigeukia: "Wee, unacheka nini? Shika upande huo."

Basi tukalibeba sanduku mpaka kwenye boti, huyu huku na huyu huku. Ndivyo tulivyojuana.

Wiki ya kwanza aliandika barua nyumbani: "Mama, hapa hatusomi kitu. Usiwaambie watu."

Na kweli hatukusoma kitu. Ukishamaliza uji unatoka, na hakuna anayeuliza uko wapi mpaka kengele ilie. Tulijenga vibanda vya matawi. Tulikula blåbär, yale matunda madogo ya msituni, mpaka midomo ikawa zambarau. Wanangu wamekulia kwenye ratiba na simu. Nikiwasimulia wanadhani natunga.

Sheria kali ilikuwa moja, ya kuogelea. Mnaingia majini wawili wawili. Filimbi ikilia unamshika mwenzako mkono, mnainua juu pamoja, kiongozi anahesabu. Mtu akimkosa mwenzake, wote wanatoka majini.

Siku moja filimbi ikalia, nikapapasa pembeni, Sanyu hayupo. Nikainua mkono wangu peke yangu.

Tulitolewa wote. Tukakaa juu ya mwamba tunatetemeka, wakubwa wanapiga mbizi kumtafuta chini.

Halafu huyo hapo, anatoka msituni, mdomo zambarau. "Mbona mmetoka? Maji yameisha?"

Nilimzaba kofi. Kisha nikalia nikimwomba radhi, naye akalia. Akaniambia, "Wangui, haki ya Mungu, sitakuacha tena na mkono juu peke yako."

Na hakuniacha. Talaka yangu, alikuwepo. Mazishi ya mamangu, alikuwepo, tena ndiye aliyepika. Filimbi ikahamia kwenye simu. Mmoja anaandika FILIMBI, mwingine anatuma ✋ hata akiwa kwenye meeting. Hatukuwa tunaandika zaidi ya hapo, kwa sababu tulichotaka kujua tulishakijua.

Alhamisi niliipiga filimbi hiyo saa mbili asubuhi nikiwa kwenye treni. Ndiyo maana yake, Mirembe. Nilikuwa namtafuta mama yako.

Sikupata mkono. Sheria naijua, nilitakiwa nitoke majini siku ileile. Badala yake nimeogelea tu, shift baada ya shift, kama mtu ambaye hakusikia.

Leo nimempigia supervisor nikamwambia siji. Akaniuliza aliyefariki ni ndugu? Kwenye fomu hakuna neno lake. Nikamwambia ni mwenzangu wa majini, wa kollo.

Yeye ni Mswidi wa rika letu, kollo anaijua. Akasema, "Toka, Wangui. Tutahesabu bila wewe." Hapo ndipo nilipolia, simu ikiwa bado sikioni.

Sanyu, nimetoka. Nimekaa hapa natetemeka na jua lote hili. Naangalia upande wa msituni. Ukitokea na huo mdomo wako wa zambarau nakuzaba kofi lingine, na safari hii sikuombi radhi.

Usipotokea, basi lala, mama. Lala vizuri, sanduku nitalishika pande zote mbili.

Mkono wangu bado uko juu.